Ukifika Ifakara, Keti Ule Kwanza

Jina la Ifakara umekwisha kulitamka mara nyingi kuliko unavyodhani. Umelitamka Kariakoo, umelitamka Tandale, uliposimama mbele ya magunia yaliyofunuliwa vinywa ukamwuliza mwuzaji, "Mchele huu wa wapi?", naye akakujibu pasi na kusita kwamba ni wa Ifakara, ijapokuwa moyoni mwake huenda anajua kwamba sehemu ya gunia lile ilitoka kwingine kabisa. Jina hilo huuza. Walakini ukiwataka mwuzaji na mnunuzi wakueleze huko Ifakara kwenyewe kukoje, kunaliwa nini na kunatazamwa nini, aghalabu wote wawili hubaki wakitazamana.

Nami sishangai. Wengi waufikao mji ule huufikia kwa shida au kwa kazi: aliyempeleka mgonjwa katika Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, mfanyabiashara wa mpunga, mwanafunzi, mtumishi aliyehamishwa. Wengine huuona kwa dakika chache tu kupitia dirisha la gari moshi la TAZARA, tena pengine usiku, wakaona taa mbili tatu na wachuuzi waliojitwika ndizi na mayai, kisha honi ikalia. Mtu wa kwenda Ifakara kula na kutazama, kama watu waendavyo Bagamoyo au Lushoto, hajawa wa kawaida. Leo nataka kukushawishi uwe mmoja wao, wewe na mwenzio na watoto, katika likizo ijayo. Na nitakwambia pia kwa nini nasema likizo ijayo, wala si ya miaka kumi mbele.

Njia nitaieleza kwa ufupi. Kutoka Dar es Salaam ni safari ya zaidi ya kilometa 400. Basi hupita Morogoro na Hifadhi ya Mikumi, kisha huiacha barabara kuu pale mjini Mikumi na kushika upande wa kusini kuelekea Kidatu, penye mashamba ya miwa na kiwanda cha sukari. Kutoka Kidatu hadi Ifakara, ambako kwa miaka mingi vumbi liliwapaka abiria wote rangi moja na masika yakawalaza njiani, sasa ni lami. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 kwa msaada wa China, hupita upande mwingine, katika mapori ambayo leo ni sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, na mwenye bahati huona tembo na twiga bila kulipa kiingilio. Ratiba za abiria zimekuwa zikibadilika, basi uliza kituoni kabla ya kufunga mizigo. Ukiwa na watoto, mimi ningechagua gari moshi. Mtoto anayeweza kusimama dirishani hachoki upesi kama mtoto aliyebanwa katika kiti cha basi.

Kwa njia zote mbili utajua kwamba umeingia bondeni pale milima ya Udzungwa itakaposimama mkono wako wa kuume kama ukuta, kijani kibichi, na mawingu yamekaa juu yake hata wakati wa kiangazi. Mkono wa kushoto hapana mlima wa karibu. Ni tambarare tupu, mpunga na miwa na matete, mpaka jicho lichoke. Shika moyoni sura hiyo ya ukuta upande huu na tambarare upande ule, maana chakula nitakachokuelekeza kinatoka hapo.

Ukishafika, usikimbilie kutazama. Keti ule kwanza.

Na hapa niseme neno moja ambalo huenda wenye mikahawa hawatalipenda. Baadhi ya mikahawa ya mji ina tabia hii, kwamba ikimwona mgeni aliyevaa viatu vizuri humletea chipsi na kuku wa kukaanga, kana kwamba wali na samaki wa mtoni ni chakula cha kumwonea haya mgeni. Mgeni asafiri kilometa 400 aje ale viazi vilivyoletwa kwa lori kutoka nyanda za juu! Usikubali. Nenda sokoni, au kwa akina mama lishe, uulize kwa adabu: "Shikamoo mama, leo kuna kitoweo gani cha mtoni?" Utaona uso wa mama unavyobadilika. Mama mmoja niliyemwuliza hivyo alifuta benchi kwa khanga yake, akaniambia, "Marahaba mwanangu, keti hapo, nikuwekee kambale, hao kuku hata kwenu wapo."

Wali wa Ifakara unaoliwa Ifakara si wali ule uujuao. Sababu si uchawi wala maji ya kisima. Mchele unaoufikia mji mkubwa umekaa ghalani, umepakiwa, umechanganywa na kupakuliwa, na harufu yake imepungua kila ulipohama mkono. Ule wa kule, hasa kati ya mwezi wa Juni na Septemba baada ya mavuno, umekobolewa wiki hiyohiyo, pengine asubuhi hiyohiyo. Aina inayosifiwa kupita zote ni Supa, yenye punje ndefu na harufu inayotoka sufuriani kabla kifuniko hakijainuliwa. Iko pia Saro 5, aina iliyotoka katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Katrin hapohapo Ifakara mwanzoni mwa miaka ya 2000. Huzaa zaidi shambani, na mkulima huipenda kwa sababu hiyo, lakini harufu yake haiifikii Supa. Wafanyabiashara wanajua jambo hili vizuri, na ndiyo maana gunia moja huweza kuwa na zote mbili. Wenyeji wa Kyela watanisamehe. Sina nia ya kuanzisha ugomvi wa mchele upi ni bora. Nasema tu kwamba sijawahi kula wali mkavu, usio na mchuzi hata kidogo, nikauona kuwa chakula kamili, ila katika bonde hili.

Kwa kuwa ukurasa huu unasomwa jikoni, niongeze na hili. Mchele mpya hauvumilii maji mengi. Mama anayepika mchele wa dukani amezoea vikombe viwili vya maji kwa kimoja cha mchele, au kimoja na nusu. Akiutendea hivyo mchele mpya wa Ifakara atapata bokoboko. Anza na kikombe kimoja na robo cha tui kwa kikombe kimoja cha mchele, ongeza kidogokidogo ukiona haja, na maji yakikauka palia makaa juu ya kifuniko na chini uache moto hafifu. Ukoko wake usitupwe. Watoto wa Ifakara huugombania, nao wanajua wanachokigombania.

Sasa kitoweo. Mto Kilombero na mabwawa yake una samaki wengi, lakini watakaokufikia sahanini ni hasa perege, kambale, kitoga na ngogo. Perege mbichi hukaangwa au huchomwa, na huyo umzoea. Kitoga ni samaki wa sharubu asiye na magamba, nyama yake nyeupe na laini, mzuri kwa mchuzi wa ndimu. Ngogo ana miiba inayotaka subira. Usimpe mtoto mdogo. Mimi hata hivyo husimama upande wa kambale wa moshi. Wavuvi wa kambi za mtoni, mbali na mji na mbali na barafu, hawana njia nyingine ya kumhifadhi samaki ila kumbanika juu ya moto mdogo mpaka akauke na kupinda mkia mdomoni. Kinachoanza kwa dhiki huishia kuwa utamu. Kambale huyo hulowekwa katika maji ya moto, husuguliwa masizi, huchambuliwa miiba, kisha huungwa kwa kitunguu, nyanya na bilinganya, na tui zito humiminwa mwishoni. Harufu ya moshi haitoki. Inaingia katika nazi, na nazi inaingia katika wali. Ukipewa na kisamvu pembeni, usiombe kitu kingine.

Kitamu cha tatu wageni wengi hawakijui, kwa kuwa hakikai mwaka mzima. Kinaitwa pepeta. Kabla mpunga haujakauka, punje zikiwa zimejaa lakini bado zina ubichi, mkulima hukata masuke machache. Mpunga huo hukaangwa chunguni, hutiwa kinuni ungali moto na kutwangwa upesiupesi, punje zikabondeka zikawa bapa, halafu makapi hupepetwa. Rangi yake ina ukijani wa mbali. Hutafunwa vivyo hivyo, au huchanganywa na nazi iliyokunwa na sukari, na chai ya rangi kando. Kwa familia nyingi za wakulima pepeta ndiyo habari ya kwanza kwamba njaa ya masika imekwisha. Ndiyo maana hutwangwa kwa kelele na vicheko, na jirani apitaye huitwa. Ukifika mwezi wa Mei, uliza pepeta kabla ya kuuliza nyumba ya kulala wageni.

Kunywa chai, kisha upande baiskeli. Ifakara ni mji wa baiskeli. Pikipiki zimeingia kwa wingi, kama kila mahali, lakini ardhi ile iliyo bapa kama meza bado inamfanya mwenye baiskeli kuwa mfalme. Utaona mama amepakia mtoto mbele na mpunga nyuma, fundi na ngazi yake, mchuuzi na tenga la samaki ambalo mikia yake inatokeza. Nenda nao mpaka Kivukoni.

Mahali hapo panaitwa Kivukoni kwa sababu palikuwa na kivuko. Kwa vizazi vingi aliyetaka kwenda Ulanga na Mahenge alivuka hapa, kwanza kwa mitumbwi ya Wandamba, ambao ndio wenye mto kwa ujuzi na kwa historia, baadaye kwa pantoni. Masika mto hutanuka ukawa ziwa, na kuvuka kukawa kumwomba Mungu. Mwezi wa Januari mwaka 2016 kivuko kilipinduka hapo kwa dhoruba, na wenyeji wanaikumbuka siku hiyo. Daraja lilikuwa tayari linajengwa. Likazinduliwa mwezi wa Mei mwaka 2018, lina urefu wa mita 384, na limepewa jina la Magufuli. Mgonjwa wa Mahenge anayekimbizwa hospitali ya Ifakara sasa huvuka kwa dakika moja, saa yoyote ya usiku.

Lakini mgeni asivuke kwa dakika moja. Asimame katikati, kwenye njia ya waendao kwa miguu, saa kumi na moja jioni. Chini yake mto ni mpana, rangi ya chai ya maziwa, na mitumbwi iliyochongwa kwa gogo moja inateleza kando ya matete, mvuvi amesimama wima na upondo mkononi kana kwamba amesimama sakafuni kwake. Viboko hutoa masikio. Katika matete hayo yumo ndege mdogo wa jamii ya kwera ambaye wataalamu walimpa jina na maelezo yake mwaka 1990 tu, baada ya kumkuta karibu na kivuko hiki. Haishi popote pengine duniani ila katika bonde hili. Watu wa mbali hulipa nauli ya ndege kubwa ili wamwone ndege huyo mdogo, na mkulima wa mpunga humfukuza kwa kombeo. Wote wawili wana haki yao. (Watoto wasishuke ukingoni kuchezea maji. Mamba hana siku ya mapumziko.)

Hapo darajani ndipo sahani uliyoila mchana hujieleza. Kila masika, mvua inayoangukia Udzungwa na milima ya Mahenge hushuka kwa mito mingi mpaka kwenye tambarare hii, ikakosa pa kukimbilia, ikatanda. Mafuriko hayo ya kila mwaka hulaza udongo mpya mashambani, na mpunga ukanywa. Hayohayo humfungulia perege na kambale mlango wa kwenda kuzaa katika majani yaliyofunikwa na maji, mahali penye chakula na pasipo nyavu. Maji yakirudi mtoni mwezi wa Juni, mpunga hukatwa, na samaki wachanga hurudi na maji. Pasipo mafuriko hapana wali wala kitoweo. Yakizidi nayo huwa msiba: mto Lumemo, upitao kando ya mji, umekwisha kuingia katika nyumba za watu mara kadhaa na kubeba magodoro. Wenyeji wameishi na jambo hili kwa kujenga vibanda vya mashambani, madungu yaliyoinuliwa juu ya miti, ambamo familia huhamia miezi ya kilimo kulinda mpunga dhidi ya ndege na nguruwe.

Sasa ile sababu ya kukuharakisha. Bonde hili, kiasi cha kilometa za mraba 7,900, liliandikishwa mwaka 2002 chini ya Mkataba wa Ramsar kuwa ardhioevu yenye thamani kwa dunia nzima. Hapa ndipo palipokuwa makao ya sheshe, swala mwenye rangi ya dhahabu apendaye majani ya kando ya mto. Ilikadiriwa kwamba robo tatu ya sheshe wote wa dunia walikuwa katika tambarare hii, makumi ya maelfu. Wazee wa Ifakara wanakueleza walivyowaona kwa makundi wakiwa njiani kwenda shamba. Mimi nilitazama jioni mbili nisione hata mmoja. Hesabu zilizofanywa kwa ndege baada ya mwaka 2000 zilionyesha kwamba wamepungua mno. Mpunga umesogea mpaka kwenye mabwawa, ng'ombe waliingia kwa maelfu kutoka mikoa mingine mpaka serikali ikaendesha operesheni ya kuwaondoa mwaka 2012, na miti ya kando ya mto imekuwa mkaa.

Si kazi ya ukurasa huu kumhukumu mkulima. Yeye analima kwa sababu wewe na mimi, huku mjini, tunataka wali kila siku ambapo babu zetu waliula sikukuu. Tena faida kubwa haibaki kwake: aliyekopa fedha za mbegu na za karo hulipa kwa magunia wakati wa mavuno bei ikiwa chini kabisa, na gunia lenyewe hujazwa kwa mtindo wa lumbesa mpaka likavimba kichwa, akalipwa kama gunia moja. Ndiyo maana nyumba inayolima mchele bora nchini inaweza kuwa inakula ugali mwezi wa Februari. Nilipolisema hili kwa mshangao, kijana mmoja wa pale alicheka: "Kaka, mchele wenyewe mmekwisha kuula nyinyi Dar."

Hata taa inayokuangazia ukisoma gazeti hili haiko mbali na mto huo. Kilombero hukutana na Luwegu, na hapo ndipo Rufiji unapoanza. Karibu theluthi mbili ya maji ya Rufiji hutoka katika bonde hili. Bwawa la Julius Nyerere, lenye mitambo ya megawati 2,115, linakunywa maji yaleyale yaliyomlea kambale wako. Kihansi, wenye megawati 180, ni mmoja wa mito inayoushukia Kilombero. Mtu wa Dar es Salaam anayedhani kwamba mambo ya matete ya Ifakara hayamhusu, basi na azime taa.

Asubuhi ya siku ya pili nakushauri uende ukatazame kitu ambacho wageni wengi hawakihesabu kuwa cha kutazamwa, nacho ni mbu. Usicheke. Mwaka 1957 Profesa Rudolf Geigy wa Basel, Uswisi, alianzisha hapa maabara ndogo ya kuchunguza maradhi ya nchi za joto. Leo maabara hiyo ni Taasisi ya Afya Ifakara, inayoongozwa na Watanzania wenyewe na kujulikana katika mikutano ya waganga dunia nzima. Nje ya mji, upande wa Kining'ina, wamejenga nyumba kubwa za wavu, na ndani yake vijumba vya udongo, mimea na mabwawa, ambamo mbu wasio na ugonjwa hufugwa ili tabia zao zichunguzwe. Watu wamezoea kupaita jiji la mbu. Kuingia huko ni kwa ruhusa, basi omba mapema, hasa ukiwa na mwanafunzi wa sekondari anayependa sayansi.

Neno la kumwambia mwanafunzi huyo ni hili: chandarua chenye dawa, ambacho leo hukabidhiwa mama mjamzito kliniki kana kwamba ni jambo lililokuwapo tangu zamani, kilipata ushahidi wake mkubwa katika vijiji vya Kilombero na Ulanga. Mwaka 1997 ulianza mpango wa kuviuza vyandarua kwa bei nafuu katika wilaya hizo mbili. Watafiti walipohesabu, nafasi ya kuishi ya watoto wa mwezi mmoja hadi miaka minne waliolala ndani ya vyandarua ilikuwa imeongezeka kwa asilimia 27. Mtoto wako wa Temeke anaulalia utafiti wa watoto wa Ifakara.

Chandarua hichohicho, kikizeeka, pengine hata kabla ya kuzeeka, hukutwa mtoni kimefanywa kokoro, kinabeba vifaranga vya samaki visivyofika kidole. Nimewaona perege wa ukubwa wa kiganja cha mtoto wakiuzwa kwa mafungu. Mvuvi mmoja mzee wa Kindamba alinionyesha kwa mikono yake kambale wa ujana wake. Sikuamini yote, kwa maana mvuvi ni mvuvi, lakini hata nikikata nusu bado ni samaki ambaye hayumo tena sokoni. Ukiuziwa vile vidogo, vikatae. Si kwa ubishi. Mwambie mama tu kwamba unangoja mkubwa. Habari ya mnunuzi anachokitaka hufika mtoni upesi kuliko tangazo la serikali.

Ikiwa una siku ya tatu, rudi kaskazini mpaka Mang'ula, kwenye lango la Hifadhi ya Milima ya Udzungwa, iliyoanzishwa mwaka 1992. Hakuna gari humo. Hifadhi hutembelewa kwa miguu, pamoja na kiongozi. Maporomoko ya Sanje huanguka mita zipatazo 170, na dimbwi la chini lina baridi ya kumfanya mtu mzima apige kelele kama mtoto. Juu mtini utamwona mbega mwekundu, na ukiwa na bahati kubwa, ngolaga, nyani mdogo wa msituni ambaye wanasayansi hawakumjua mpaka mwaka 1979, ingawa watu wa Sanje walikuwa na jina lake zamani. Akina mama wa vijiji vya chini waliruhusiwa kuokota kuni hifadhini siku moja kwa wiki mpaka mwaka 2011, ruhusa ikakoma, na mjadala wa kuni haujakoma. Wengine sasa hupikia pumba za mpunga. Ukiona jiko linalotoa moshi mweupe wenye harufu kama ya mkate ulioungua, ndilo hilo. Simama ulitazame, uulize linavyopakiwa, maana ni maarifa yanayoweza kukufaa na wewe.

Kabla ya kuondoka nunua vitu viwili. Cha kwanza ni kitambaa cha pamba kilichofumwa kwa mkono na akina mama wafumaji wa hapo Ifakara. Taulo na vitambaa vyao vya meza hudumu kuliko vya dukani, na fedha huingia moja kwa moja katika nyumba ya mfumaji. Cha pili bila shaka ni mchele, lakini usiununue barabarani kwenye magunia yaliyopangwa kwa ajili ya abiria. Ingia ndani kwenye mashine ya kukobolea. Utamkuta mkulima mwenyewe amekaa juu ya mpunga wake akingoja zamu. Mwamkie, mwulize ni aina gani na ni wa shamba gani, chukua punje chache uzitafune zikiwa mbichi. Supa halisi hutoa harufu yake hata mdomoni. Nunua kwa kilo, kwa mizani, wala si kwa debe lililojazwa mlima. Mlipe bei anayoitaja, au punguza kidogo tu kwa ajili ya mazungumzo. Ukifika nyumbani, usimimine mchele huo katika pipa moja na ule wa zamani. Uweke peke yake, na jioni ya kwanza waite majirani mapema, kabla hujainua kifuniko.